Musa Aliyeishi Ndani Yangu

Wiki iliyopita tulisimama kula nyama kwenye kibanda kimoja kando ya barabara ya Bahati, mimi na wenzangu wawili wa kazini. Mwenye kibanda alikuwa ameishiwa na makaa, kwa hiyo akachukua matawi ya leleshwa aliyokuwa amekata huko nyuma ya jiko akayatupa motoni yakiwa bado mabichi. Moshi ukatujia usoni. Wenzangu walikohoa na kulalamika. Mimi niliweka mfupa chini, nikafumba macho, na mkono wangu ukapanda wenyewe ukafunika mdomo. "Umeungua?" wakaniuliza. Nikatikisa kichwa. Ningewaelezaje kwamba harufu ile kali, tamu kidogo kama dawa ya kifua, ilikuwa imenirudisha juu ya mlima wa Menengai, mtoto wa darasa la nne katikati ya watu wazima wanaopiga kelele, nikibana midomo kwa mikono miwili ili mtu asitoke?

Ninyi mliosoma shule ya msingi enzi zangu mnakumbuka jinsi mwalimu alivyoita majina asubuhi, mmoja baada ya mwingine, na kila mtoto akajibu "present" huku akiendelea kukuna goti. Jina langu lilipokaribia mimi nilianza kutokwa na jasho. Midomo ilikutana kwenye ile herufi ya kwanza ya "present" na kukataa kuachana, na darasa lote likageuka kunitazama. Halafu mvulana mmoja wa nyuma angesema kwa sauti ya chini, "Piga kick," na wengine wakadakia: "Piga kick! Piga kick!" Waliniita Pikipiki, kwa sababu ya zile kuukuu ambazo mwenyewe huzikanyaga na kuzikanyaga asubuhi ya baridi kabla hazijawaka, na Nakuru ina asubuhi nyingi za baridi. Mwishowe mwalimu akaacha kuniita. Alitupa jicho upande wangu, akaona nipo, akaenda kwa anayefuata. Alidhani ananisaidia, nami nilijiona nimefutwa.

Nyumbani hali haikuwa mbaya hivyo, ila ilikuwa na haraka. Tuliishi mtaa ambao babu zetu waliufikia kutoka magharibi kufanya kazi ya reli, na ingawa reli ilikuwa imewaacha, wao hawakuuacha mtaa. Baba aliendesha lori la viazi kutoka Kuresoi. Alirudi na udongo mwekundu kwenye viatu, akala, akalala, akaondoka. Mama aliuza mitumba sokoni. Sauti yake iliweza kumgeuza mteja aliyekwisha kuvuka barabara. Alinipenda kwa nguvu, na kwa haraka pia. Nikianza, "Ma-ma-mama, nataka ma-ma-ma..." yeye tayari alikuwa amenimalizia, "Maji? Haya, chukua maji." Mara nyingi nilitaka mandazi. Nilikunywa maji mengi sana utotoni.

Kisha mwalimu mkuu akamwita mama ofisini na kumwambia kwamba mtoto asiyeweza kusoma kwa sauti hawezi kuendelea na wenzake. Shule zikifunguliwa, kama hali ni ileile, nitarudishwa nikae na wadogo. Mama alirudi nyumbani akakoroga ugali kwa hasira mpaka mwiko ukavunjika. Jumapili iliyofuata alipeleka jambo hilo kwa akina mama wa kikundi chake cha maombi, wale waliovaa vitambaa vya samawati kichwani, nao wakakubaliana kwamba ulimi wangu ulikuwa umefungwa na roho ya ububu. Wakati wa mfungo wa mwisho wa likizo, wangenipandisha Menengai, pasta aniombee, roho hiyo itoke. Mimi nililisikia hilo nikiwa chini ya meza nikichezea vifungo vya mashati ya mitumba. Sikuogopa. Nilikuwa sijui bado nani anaishi ndani yangu.

Hiyo likizo nilipelekwa Bahati kwa senje. Senje ndivyo tunavyomwita shangazi, dada ya baba. Wangu alikuwa mjane, mrefu, mwenye mikono mikubwa, na kazi yake ilikuwa kufuma sweta za shule kwa ile mashine ya mezani inayosukumwa kulia na kushoto, krrr, krrr, mpaka usingizi unakuchukua. Kwa miaka mingi alikuwa amefundisha watoto kanisani. Baadaye, alipobaki peke yake na mashine yake na Biblia yake, kuna kitu kilibadilika ndani yake. Hakuiacha Biblia hata kidogo, ila alianza kuisoma kwa namna yake, na kanisa likampumzisha kazi ya kufundisha.

Kila asubuhi kabla ya kugusa uzi alisoma kipande, akafunga kitabu, akanyamaza. Kunyamaza kwake kulikuwa kazi kamili. Aliketi wima, mikono mapajani, kama mtu aliye kwenye foleni ya hospitali na anayejua ataitwa. Kisha alinigeukia.

"Nekesa, leo uko wapi?"

"N-n-niko hapa."

"Mwili uko hapa, hiyo naona. Wewe uko wapi? Uko Misri, ama umevuka?"

Mwanzoni nilidhani senje amechanganyikiwa kidogo, jambo ambalo watoto wa jirani walikuwa wamenidokeza. Lakini alikuwa na subira ya kueleza. Alisema kitabu kile hakikuandikwa ili tujue watu wa zamani walikula nini na kupigana na nani. Kiliandikwa ili mtu ajijue ndani. Kila jina lililomo ni mtu aliye ndani yako, kila mji ni mahali unapoweza kukaa. Misri ni pale ulipozoea kuumizwa, mpaka ukiambiwa utoke unauliza kama huko mbele kuna vitunguu. Farao ni ile sauti inayokwambia hutaweza, na ukiishinda leo, kesho inarudi na maneno mengine. Jangwa ni ule wakati umetoka na bado hujafika, na hapo ndipo watu wengi wanarudi nyuma.

"Na M-M-Mungu?" nikamuuliza. Kwa senje niliuliza maswali, kwa sababu aliyangoja yafike.

"Nyamaza kabisa," akasema. "Usiwaze jina lako, usiwaze shule. Umenyamaza?"

Nikatikisa kichwa ndio.

"Sasa, kuna mtu huko ndani anajua umenyamaza, sindio? Hajasema kitu, lakini ako. Anza na huyo."

Nilikaa pale nikimsikiliza huyo mtu anayejua. Nje kuku walikuwa wakiparua, na jirani alikuwa akimwita ng'ombe wake. Nakumbuka mshangao wangu: alikuwepo kweli. Alikuwepo, na hakuwa na kigugumizi.

Siku ya Musa senje alifuma kidogo sana. Alinisomea jinsi Musa alivyoona kichaka kinawaka bila kuteketea, jinsi alivyotumwa kwa Farao, na jinsi alivyokataa kwa sababu ulimi wake ulikuwa mzito. Nikainua kichwa. Hakuna mtu kanisani kwetu aliyewahi kuniambia kwamba Musa, yule wa fimbo na bahari, alikuwa na ulimi kama wangu.

"M-M-Mungu akamponya?"

"Hapana. Akamtuma hivyo hivyo. Akampatia Haruni, ndugu yake, awe mdomo." Senje akaniwekea kidole kifuani. "Hawa wote wako hapa. Musa ni yule wa ndani ameona moto. Haruni ni yule anakuja kuongea. Wako amechelewa, ni hayo tu. Watu wengi wana Haruni anapiga kelele mchana kutwa na Musa wao amelala. Wewe wako ako macho. Usikubali mtu amfukuze ati kwa sababu ndugu yake amechelewa."

Senje alizungumza na mtu wa umri wangu kama vile alivyozungumza na Mungu, bila kupunguza chochote. Na mimi nilichukua maneno yake yote, sikuacha hata moja, nikayaamini jinsi yalivyo. Kuanzia siku hiyo nilijua kwamba ndani ya kifua changu, upande wa kushoto kidogo, anaishi mzee mwenye fimbo. Niliipanga nchi yote takatifu mwilini mwangu. Misri niliiweka miguuni kwa sababu miguu yangu ilikuwa baridi daima. Bahari ya Shamu ilikuwa tumboni, maana niliisikia ikivuma kabla ya chakula. Yerusalemu ilikuwa kichwani, na Herode nilimfungia kwenye kiwiko ambako hangeweza kumdhuru mtu. Usiku nililalia upande wa kulia ili nisimkandamize Musa. Wakati wa kula nilimeza tonge moja bila kutafuna, lile la kwake.

Jioni moja nilikula viazi vilivyotiwa pilipili nyingi kwa jirani, na nilipofika nyumbani kifua kikawa kinawaka. Nikakimbia kwa senje nikiruka. "Ki-ki-kichaka kimeshika!" nikamwambia. "Kinawaka na si-si-siteketei!" Alicheka mpaka akashikilia mashine isianguke. Akanipa maziwa. Kisha akajifuta macho kwa sweta ambayo haijakamilika, akasema, "Afadhali wewe unamlisha. Sisi watu wazima tumemsahau kabisa." Hakunisahihisha. Nimejiuliza mara nyingi kama angepaswa kunisahihisha, na kila mara nimeamua kwamba ningemchukia kama angefanya hivyo.

Likizo ilipokaribia kwisha, mama akaja kunichukua. Alikuwa amevaa kitambaa chake cha samawati, na hakuketi.

"Karibu chai, Mama Nekesa," senje akamwambia.

"Sina time ya chai, Senje. Gari ya wamama inatungoja hapo steji. Tunapanda Menengai, na hii safari lazima huyu mtoto aombewe."

Senje akaacha kusukuma mashine. "Mlima si mbaya. Hata mimi nimepanda. Lakini hiyo kitu mnatafuta huko juu..."

"Iko ndani," mama akamkatiza. "Najua. Kwako kila kitu iko ndani. Yerusalemu iko ndani, Farao ako ndani, siku moja hata mvua utaniambia inanyesha ndani. Senje, wewe una nyumba yako na mashine yako, unaweza kukaa huko ndani mpaka jioni. Huyu mtoto anaishi huku nje. Na ni huku nje wanamcheka."

Nilimtazama senje nikitegemea atajibu. Alilaza mikono juu ya uzi.

"Hapo umesema ukweli," akasema. "Mpeleke. Lakini usiwaache wamfukuze."

"Wamfukuze nani?"

Senje alinitazama, nami nikatazama sakafu. "Nekesa mwenyewe," akajibu. Alipokuwa akinifunga sweta alinitilia viazi vitamu viwili mfukoni bila mama kuona. Nilijua vilikuwa vya nani.

Kama hujawahi kupanda Menengai pamoja na watu wanaofunga, huwezi kujua jinsi mlima unavyoweza kuwa na watu wengi na bado ukaonekana mtupu. Ukingo wa shimo umejaa vichaka vya leleshwa vyenye majani ya kijivu, na chini yako ile ardhi nyeusi iliyowahi kuyeyuka imelala imekunjamana, mvuke ukichungulia kwenye nyufa. Watu walikuwa kila mahali, mapangoni, chini ya miamba, wengine wamelala kifudifudi kwenye mikeka, chupa za maji pembeni. Kulikuwa na kibao chenye mishale inayoonyesha miji ya mbali, na nilikizunguka nikitafuta mshale wa Misri. Upepo ulipiga bila kupumzika. Akina mama waliwasha matawi ya leleshwa kupunguza baridi, na moshi wake ukaingia kwenye nguo, kwenye nywele, kwenye maombi.

Watoto pia tulifunga, angalau mpaka jua lipinduke. Mimi nilivumilia njaa yangu, ila ya Musa ilinisumbua. Alikuwa mzee, na mwendo ulikuwa mrefu. Niliinama nyuma ya mwamba nikala kiazi kimoja haraka haraka, nikimnong'onezea kwamba hicho kingine tutakula kesho. Huko ndani nilisikia kutulia, nikajua amekubali.

Alasiri wakaniweka katikati. Pasta alikuwa mtu mwembamba mwenye viatu vya vumbi na sauti iliyokwisha kukwaruzika kwa kuombea watu tangu alfajiri. Sitaki mumchukie. Aliipigia magoti shida yangu kama shida yake mwenyewe, na jasho lake lilikuwa la kweli. Aliweka mkono juu ya kichwa changu, yaani juu ya Yerusalemu, na akina mama wakaanza kuomba wote kwa pamoja. Mama alikuwa amepiga magoti mbele yangu, macho amefumba, machozi yanamtiririka. Kisha pasta akainama, akanitazama usoni moja kwa moja.

"Wewe uliye ndani ya mtoto huyu," akasema, "jina lako nani?"

Nilifurahi, nawaambia ukweli. Tangu nizaliwe, mtu mzima wa kanisa alikuwa hajawahi kumuuliza aliye ndani jina lake. Nilimwona pasta kuwa mtu mwenye adabu kuliko nilivyodhani. Nikafungua mdomo, na jibu likatoka mara moja, safi, bila kukwama popote.

"Musa."

Maombi yalikatika. Upepo ulisikika peke yake. Halafu mama mmoja akapiga yowe: "Mmesikia? Mmesikia vile imeongea, bila kugonga?" Na kweli, kwao huo ndio ulikuwa ushahidi. Mtoto anakwama, hicho kilichosema hakikukwama, kwa hiyo siye mtoto. Neno la kwanza kulisema vizuri mbele za watu maishani mwangu lilikuwa limenihukumu.

"Musa, toka!" pasta akaamuru.

"Toka, Musa! Toka!" wakaitikia wote.

Hapo ndipo nilipofunika mdomo kwa mikono miwili. Nilimwona akisimama huko ndani, ameshtuka, akitafuta fimbo yake. Nilimwona akitoka bila viatu juu ya yale mawe makali, mzee wa watu, hana anayemjua Nakuru, upepo unamvua joho. Wakashika mikono yangu waiondoe mdomoni. Nikauma mkono wa mtu. "Amekataa, ni sugu!" wakasema, na sauti zikapanda. Nikapiga mateke, nikaanguka, nikajikunja juu ya kifua changu. Nililia kilio ambacho sijawahi kulia tena, hata kwenye misiba. Na katikati ya kilio nikaanza kusema.

"A-a-a-a-asi... a-a-asito..."

"Ngojeni," nikasikia sauti ya mama. "Anasema kitu."

"Mama, usidanganyike," pasta akamwambia kwa upole. "Hiyo si sauti yake."

"Hiyo ndiyo sauti yake," mama akajibu, akisimama. "Ile ingine ndiyo sijawahi sikia. Ngojeni!"

Ile sauti ya sokoni. Mlima wote ulinyamaza. Mama akaketi chini kwenye vumbi, akaniweka kati ya miguu yake, akaniuliza, "Asitoke nani, Nekesa? Musa ni nani?"

Nikamwambia. Ilichukua muda mrefu sana. Mara mbili tatu niliona midomo yake ikisogea kunimalizia neno, na mara ya mwisho akajiziba mdomo kwa kiganja chake mwenyewe, macho yakiwa makubwa juu ya mkono. Nilimwambia ni yule Musa wa kichaka. Kwamba naye ulimi wake ulikuwa mzito na Mungu hakuubadilisha, alimtuma nao. Kwamba Haruni wangu yuko njiani. Kwamba mimi namlisha na silalii upande wake. "Na mki-mki-mkimtoa," nikasema, "nitabaki na Ha-Haruni peke yake. Na Haruni akibaki peke yake ndiye a-a-alitengeneza ndama."

Mtu mmoja alicheka kidogo kisha akajizuia. Kwa kitambo niliona usoni mwa pasta kwamba anafikiri kweli. Lakini alikuwa na watu wengi nyuma yake wakimtazama.

"Haya ni mafundisho," akasema hatimaye. "Nani amemfundisha?"

"Se-senje," nikajibu.

Akina mama waliguna. Senje wa Bahati walimjua.

"Mama Nekesa," pasta akasema, "hapo ndipo mlango uliachwa wazi. Mtoto akae hapa mpaka mwisho wa mfungo, tutaendelea naye mpaka huyo Musa atoke. Na huko Bahati asikanyage tena."

Mama alisimama. Akafungua leso yake kiunoni, akaikung'uta vumbi, akaifunga upya kwa nguvu, vile alivyofanya sokoni mteja akimletea maneno.

"Pasta, mimi nilileta shida ya ulimi," akasema. "Hiyo ingine sikuileta. Musa abaki."

"Mama..."

"Nimesema abaki. Kama ni kupigana na Farao, nitaanza na mwalimu mkuu."

Akanishika mkono tukaanza kushuka. Hakuna aliyetufuata. Njia ilikuwa ndefu, vumbi jeupe likitupanda miguuni, na mama alitembea kwa hatua nilizoshindwa kuzifuata. Nilidhani nimemharibia kila kitu. Mwisho akauliza, bila kunitazama:

"Huyo Musa wako, leo amekula?"

Nikatoa kile kiazi kilichobaki, kimepondeka mfukoni. Mama alikitazama. Akakikata katikati, akanipa kipande, na kile kingine akakila yeye, akafungua mfungo wake hapo njiani tukiwa tunatembea.

"Na Haruni anakuja lini?"

"Si-si-sijui."

"Haya," akasema, akijifuta mdomo. "Atatukuta tukiendelea."

Aliulipia uamuzi ule. Wenzake wa kikundi waliomba kitambaa cha samawati kirudishwe, naye akakifua, akakipiga pasi, akakipeleka. Jumapili kadhaa aliketi viti vya nyuma ambako watu hawakumsogelea, na nilimsikia akiimba kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Usomaji wa senje hakuukubali kamwe. Hadi leo anaamini Musa alikuwa mtu, alikufa, na amelala. Lakini alirudi Bahati na kunywa ile chai, na wanawake hao wawili walibishana miaka yote iliyofuata kuhusu kilicho ndani na kilicho nje, mashine ikienda krrr, krrr katikati yao. Mimi nilikaa hapo katikati nikakua. Sasa najua hakuna mzee mwenye fimbo upande wa kushoto wa kifua changu. Najua senje alikuwa akiniambia habari za yule anayejua umenyamaza, yule anayeona moto kabla hajapata maneno, na kwamba Maandiko yote kwake yalikuwa safari ya huyo mmoja kutoka utumwani kwenda kwake mwenyewe. Naliamini hilo, na nimelipigania katika vikao vya watu wenye Haruni hodari sana. Kigugumizi ninacho bado. Huwa nakuja nacho.

Lakini nilikuwa nawaambia habari za Farao. Siku shule zilipofunguliwa, mama hakufungua kibanda chake sokoni. Alinishika mkono akapita mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu bila kubisha, akaingia darasani kwetu, akasalimia, akaenda kuketi dawati la nyuma kabisa, magoti yamegonga mbao kwa jinsi lilivyokuwa dogo. Mwalimu mkuu akaja mbio, akasimama mlangoni.

"Mama, kuna shida?"

"Hakuna shida, mwalimu. Mpatieni kitabu asome. Hii mtoto anajua kusoma. Mimi leo sina haraka."

Walitazamana, yule mwalimu wetu na mkuu wake. Kisha kitabu kikafunguliwa mbele yangu. Nikasimama. Midomo ikakutana, ikakataa. Huko nyuma mtu alianza, "Piga..." na hakufika mbali, kwa sababu mama aligeuza shingo. Nikanyamaza kama nilivyofundishwa, nikamtafuta yule anayejua, nikamkuta. Neno halikuja haraka. Neno la kwanza lilitoka vipande vipande, na nilikikusanya kila kipande mbele yao wote. Kisha la pili. Nilisoma ukurasa mzima, ukamaliza kipindi cha Kiswahili na kula sehemu ya hesabu. Kengele ya kumaliza kipindi ililia nikiwa kwenye mistari ya mwisho, na hakuna mtoto aliyeinuka, kwa sababu mama alikuwa hajainuka.